Naomba ushauri: alama za vinasaba kwa mpunga wa kunukia

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa maabara ya vinasaba.

Nina mkusanyo wa mbegu za mpunga wa kunukia. Nyingine zina majina tofauti lakini punje zake huwezi kuzitofautisha kwa macho. Nyingine zina jina moja ila shambani zinapishana urefu na muda wa kukomaa. Nataka kujua zipi ni ndugu wa karibu na zipi ni za pekee, kabla hazijapotea.

Nimepanga kutumia mikrosatelaiti (alama za vinasaba, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia) zilizotawanyika kwenye kromosomu zote 12, maana huonyesha aleli nyingi (matoleo tofauti ya sehemu ileile ya DNA). Kwa harufu nitapima jeni ya BADH2, kromosomu ya 8, ambako mpunga mwingi unaonukia umepungukiwa jozi-besi 8 (herufi za DNA) katika eksoni ya 7 (sehemu ya jeni yenye maelekezo ya kutengeneza protini).

Kinachonisumbua ni hiki: alama ya BADH2 niiingize kwenye hesabu ya utofauti wa kinasaba kati ya aina? Naona itazivuta pamoja aina zinazonukia hata kama nasaba zao ni mbalimbali. Basmati na Jasmine zote zinanukia, lakini hazitoki kundi moja.

Halafu, kila aina nichukue mmea mmoja au kadhaa? Mpunga hujichavusha wenyewe, ila mbegu za wakulima mara nyingi zimechanganyika, na nahofia mmea mmoja utanidanganya.

Aliyewahi kuifanya kazi hii anieleze, hasa namna ya kusoma jeli (inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu) pale aleli mbili zinapopishana kidogo sana.