Gumzo la UKOO WA UYOLE: plasta ya sebuleni kwa Mama

Atu: Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Natuma picha za ukuta wa sebule ule wa upande wa jikoni, toka mvua za mwezi wa tatu plasta inabanduka kuanzia chini, jana kipande kizima kimedondoka nyuma ya kochi. Nikifagia asubuhi jioni mchanga tena uko palepale

Atu: [picha] [picha] [picha]

Kaka Ambo Dar: Duh pole. Ila hiyo mbona kazi ndogo, mfuko mmoja wa saruji na mchanga kidogo we na dogo mnaziba wenyewe wikendi moja mnamaliza. YouTube kuna video kibao jamaa anapiga plasta dakika kumi ukuta umenyooka

Tusa Iringa: Dakika kumi za video kaka 😂 umewahi kushika mwiko wewe?

Kaka Ambo Dar: Mi nasema wanaweza, sijasema mimi

Atu: Fundi wa hapa mtaani alishapita kuangalia. Anasema sebule nzima ibanduliwe kuta zote nne ipigwe upya, mifuko mitano ya saruji, kazi na vifaa 380,000 na anataka nusu mkononi ndo aanze

Tusa Iringa: 380??? Kwenye kapu la kikundi kuna 210,000 tu jamani na nyie mnajua nani hajachanga tangu Pasaka sitaji mtu

Wifi Neema: Tumekusikia wifi 🙈

Kaka Ambo Dar: Si ndo maana nasema mfanye wenyewe. Hao mafundi hesabu zao unazijua, mitano inaingia kwenu mitatu, miwili inaenda kwenye saiti nyingine

Lusajo VETA: Shikamooni. Nilikuwa juu ya jukwaa huku Makambako ndo nashuka. Kabla hamjagombana nani apige plasta naomba mtu aniambie kwanza hayo maji yanatoka wapi, maana plasta haibanduki bure. Dada Atu nipigie picha za ukuta huohuo kwa nje

Atu: Nje kuna nini? ngoja

Atu: [picha] [picha]

Lusajo VETA: Aisee

Lusajo VETA: Huo udongo uliorundikwa ukutani ni wa nini

Atu: Ni tuta la mchaichai la Mama. Na yale maua

Tusa Iringa: 🤐

Kaka Ambo Dar: Tiki za bluu, Mama kaona

Mama: Nimeona. Mchaichai hauna kosa, mnaunywa wote mkija

Lusajo VETA: Shikamoo mama mkubwa. Mchaichai hauna kosa kabisa, kosa ni pale ulipokaa. Ukiangalia hiyo picha ya pili udongo umepanda juu kuliko sakafu ya ndani, karibu mkono mzima. Afu bati halina gata, maji yote ya paa yanadondokea kwenye tuta hilohilo, na unamwagilia kiangazi. Kwahiyo ukuta unalowa mwaka mzima, tofali linanyonya maji linayapandisha, yakifika juu yanatafuta pa kutokea na yanatokea sebuleni. Yanakuja na chumvichumvi ile nyeupe kama unga, ndo inayosukuma rangi na plasta. Hapo hata mkileta fundi wa ikulu atapiga ipendeze, mvua za mwakani mnarudi kwenye kikundi na picha nyingine

Baba Mdogo Tukuyu: Mugonile nyote. Kijana anasema kweli. Nyumba ile mimi nilikuwepo wakati kaka anajenga, tofali tulichoma wenyewe, tukaunganisha kwa udongo, saruji tuliweka kwenye msingi na linta za juu ya madirisha basi maana hela hakuna. Plasta imekuja baadaye sana. Na ile nailoni ya DPC ya kuzuia unyevu usipande, inayowekwa juu ya msingi, enzi hizo tuliisikia tu kwa wenye nazo. Sasa huku Tukuyu mvua haiulizi mwezi, ndo maana kwangu mtu haruhusiwi kuegemeza hata kuni ukutani

Atu: Shikamoo baba mdogo. Kumbe tofali zimeungwa kwa udongo? Ndo maana plasta ilipodondoka nimeona mwekundu unamomonyoka katikati ya tofali

Baba Mdogo Tukuyu: Marahaba mwanangu. Ndo huo

Lusajo VETA: Hapo baba mdogo umenipa jibu la pili. Ukuta wa udongo ni laini, ukiupiga plasta kali ya saruji tupu unakuwa umeuvalisha gamba gumu, unyevu hautoki na gamba halishiki, siku moja linaachia lote kama ganda la yai. Video za huko YouTube wanapiga kwenye bloku mpya kavu, sio ukuta kama huu wetu

Kaka Ambo Dar: Sawa fundi mkuu. Sasa 380 tunatoa au hatutoi

Lusajo VETA: Ngoja kaka twende taratibu. Dada Atu chukua mpini wa kisu au hata ngumi, gonga ukuta wote sebuleni kidogokidogo, kuta zote nne. Panapolia ko ko pagumu ni pazima, panapolia bu bu kama pana uwazi ndani pameshaachia. Chora kwa chaki. Afu kata kipande cha nailoni gandisha na selotepu pande zote palipo na unyevu, kiache mpaka kesho kutwa. Ukikuta matone upande wa ukutani basi maji yanatoka ukutani, yakiwa upande wa chumbani ni mvuke wenu wa chai na madirisha yasiyofunguliwa kwa sababu ya baridi

Tusa Iringa: Huyu mtoto chuo cha ufundi VETA kimemtoa jamani 👏

Mama: Madirisha nafunga mimi, Uyole baridi

*

Atu: Haya majibu. Kuta tatu zinalia ko ko zote isipokuwa kakipande karibu na mlango. Ule mbovu ni kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno changu unalia bu bu wote, juu mzima. Nailoni ina maji upande wa ukutani mengi tu. Na nimeona ufa, umeanzia kona ya dirisha unapanda mshazari kwenda juu, kidole hakiingii ila kucha inaingia

Lusajo VETA: Safi sana. Sa piga hesabu na mimi. Ukuta urefu mita 4, pabovu mita 1 kwenda juu, hiyo skwea mita 4. Plasta unene sentimita moja na nusu, ni lita 60 za mchanganyiko uliokwishakandwa, ndoo kubwa tatu. Saruji hapo nusu mfuko na chenji inabaki. Na kaka Ambo, yule fundi hajawaibia, sebule nzima kweli inakula mifuko kama mitano. Swali ni kwanini abandue kuta tatu nzima ambazo hazina tatizo

Kaka Ambo Dar: Kwa sababu anataka kazi kubwa

Lusajo VETA: Inawezekana, au mlimwambia "tunataka sebule ipendeze" akawapa bei ya sebule

Atu: 🙈 Mama ndo alimwambia hivyo

Mama: Si inapendeza ikiwa mpya

Kaka Ambo Dar: Kwahiyo nusu mfuko, skwea mita nne. Nilisema toka mwanzo kazi ya wikendi

Tusa Iringa: Kaka kwa hapo nakuunga mkono nusu. Kubandua, kubeba, kuchekecha mchanga mtu yeyote anaweza. Ila kunyoosha hapana, hapa shuleni walimu tulijitolea kupiga plasta ofisi yetu wenyewe, leo ukiweka rula ukutani unapitisha daftari chini yake, na rangi ya mafuta ndo inaonyesha kila bonde taa ikiwashwa

Wifi Neema: Na ufa je? huo si wa kuogopesha, Mbeya mnatikiswa tikiswa na tetemeko nyie, mko bonde la ufa

Lusajo VETA: Shikamoo shemeji. Vinyufa vyembamba kama ramani havina shida ni plasta yenyewe ilikauka haraka. Huu wa mshazari kutoka kona ya dirisha lazima tuuangalie, inawezekana linta fupi au msingi pale chini umelainika kwa hayo maji. Dada Atu weka mstari wa penseli pale ufa unapoishia juu na andika tarehe pembeni. Ukivuka mstari niambie haraka, hapo sio tena habari ya plasta

Atu: Nimeweka. Nimepima na upana, milimita kama mbili

Baba Mdogo Tukuyu: Sasa wanangu utaratibu. Kwanza tuta litoke. Shemeji usininunie, mchaichai unaota popote, uhamishiwe kule kwenye migomba. Udongo ushuke mpaka chini ya sakafu ya ndani kwa kiasi cha shubiri hivi, halafu ardhi ielekee nje maji yakimbie, na mtaro mdogo. Pili gata. Tatu ndio mwiko. Mtu anayeanza na mwiko anapaka poda kwenye kidonda

Mama: Nimesikia shemeji. Ila asiung'oe Atu, Atu anakata mizizi. Aje Kelvin wa jirani

Atu: 😂😂 Asante Mama

Kaka Ambo Dar: Tukishatoa udongo tunapiga wiki ileile?

Lusajo VETA: Hapana kaka. Ukuta uliolowa miaka hauwezi kukauka wiki moja. Mvua ndo zinaisha sasa mwezi wa tano, mbandue plasta mbovu yote sasahivi muuache uchi upumue, mwezi wa sita na wa saba huku hakuna mvua japo baridi kali, mimi nikipata nafasi mwishoni mwa wa saba nakuja. Madirisha mchana yafunguliwe mama mkubwa nakuomba, hata masaa mawili

Mama: Mawili tu

Lusajo VETA: Kwenye kubandua dada zingatia: soketi ya TV iko ukuta huohuo, zima meni swichi kabisa usibahatishe. Bandua kwa patasi na nyundo ndogo kuanzia juu ya mstari wa chaki, vuka ule mstari sentimita kumi hivi uingie kwenye plasta nzima, kata unyooke. Usitwange na nyundo kubwa utalegeza na nzima. Udongo wa kwenye maungio ukwangue uingie ndani kama sentimita moja au mbili, pale ndo plasta mpya inang'ata. Ile chumvi nyeupe pangusa kwa brashi kavu, usioshe na maji, ukiosha inarudi ndani. Na funika pua na kitambaa

Atu: Hiyo yote naweza. Mchanga je

Lusajo VETA: Mchanga wa mtoni uliochekechwa, usio na udongo. Weka kidogo kwenye chupa ya maji tikisa uache utulie, ukiona tabaka nene la tope juu rudisha. Na nunueni chokaa ya kujengea, sio ile ya kupaka. Kwa ukuta huu nachanganya saruji 1 chokaa 1 mchanga 6, plasta inakuwa laini kidogo inaenda na ukuta. Saruji ya Songwe hapo ipo kila duka ila msinunue sasa, mfuko ukikaa miezi miwili na unyevu wa Uyole unakuwa jiwe

Tusa Iringa: Na jipsamu? Huku Iringa kila mtu anapiga juu ya plasta skimu nyembamba ya jipsamu inang'aa

Lusajo VETA: Jipsamu na unyevu ni maadui dada. Labda mwakani ukuta ukishathibitika mkavu

Kaka Ambo Dar: We unachaji sh ngapi sasa mdogo wangu, au undugu

Lusajo VETA: 😅

Baba Mdogo Tukuyu: Ambokile. Fundi wa ukoo naye anakula. Mkimzoesha bure siku atakayohitajika zaidi atakuwa "saiti"

Tusa Iringa: Naunga mkono. Lusajo sema bei ya siku kama unavyowachaji watu, nauli juu yetu, chakula kwa Mama. Vifaa tunanunua wenyewe risiti zinawekwa humu

Lusajo VETA: Ni kazi ya siku mbili, siku ya pili ya kumalizia na ile kona ya mlango. Nipeni 35,000 kwa siku, Atu ndo saidia fundi wangu

Atu: Saidia fundi naye analipwa bei gani 🙋🏾‍♀️

Tusa Iringa: Analipwa chai ya mchaichai

Lusajo VETA: Ila saidia fundi avae glavu, saruji na chokaa zinakula mikono. Na nikiondoka kazi yako inabaki, kumwagilia ukuta asubuhi na jioni kwa wiki nzima, maji ya kunyunyiza sio ya kumwaga. Rangi msikimbilie mpaka upite mwezi, na kwa baridi yetu hata zaidi. Ikifika muda pakeni ya maji, ya mafuta inaziba pumzi

Mama: Mimi nataka ya maziwa

Tusa Iringa: Ya maziwa ya maji Mama, ipo. Haya hesabu: Lusajo 70,000 na nauli, saruji mfuko mmoja, chokaa, mchanga toroli mbili, tukikadiria haifiki 150,000. Kapu linatosha na chenji. Gata haimo humo. Gata nani

Wifi Neema: Gata ni sisi. Ambo anakubali

Kaka Ambo Dar: Nakubali nini tena, bei yake hata haijaulizwa

Wifi Neema: Ambo anakubali

Baba Mdogo Tukuyu: Ndaga fijo, asante sana mwanangu Neema

Atu: Nitapita soko la Mwanjelwa kesho kuuliza, nimepima paa upande huo ni mita 9. Na yule fundi wa 380 nimwambieje maana kanipigia mara mbili leo

Lusajo VETA: Mwambie ukweli tu, ukuta unakaushwa kwanza. Afu muulize kama anafunga gata, mimi bati sijui

Atu: Kajibu palepale. Anafunga, anakuja Jumamosi kupima. Anauliza pia kama mchaichai mnatoa bure anaomba mashina mawili

Mama: Mwambie aje na ndoo