Naomba ushauri: koa wakubwa wawili wanatosha kutangaza spishi mpya?

Wakuu, habari zenu. Nina koa 9 (wale konokono wasio na gamba) wa msitu wa mvua, familia ya Veronicellidae: mgongo mzima umefunikwa na ngozi moja nene, na lile tundu la kupumulia upande wa kulia halipo. Nimepekua maandishi ya zamani, sijaona anayefanana nao. Lakini rangi ya koa haiaminiki hata kidogo. Spishi moja hutoa wa kahawia, weusi na wenye mistari. Kinachoamua ni viungo vya uzazi, na hapo ndipo nilipojikwaa. Niliwatumbukiza hai kwenye spiriti kali badala ya kuwalegeza kwanza kwa kuwazamisha majini usiku kucha. Wamejikunja, wamekakamaa kama mpira. Angalau DNA imehifadhika.

Saba bado wachanga, uume na tezi zake havijakomaa. Wakubwa ni wawili tu. Je, nimpasue mmoja awe holotipu (kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi mpya), huyo mwingine nimwache mzima kwa ajili ya makumbusho? Au nisubiri mvua nikatafute wengine? Na waliowahi kulainisha vielelezo vilivyokakamaa hivi, mlitumia nini?