Naomba ushauri: uhariri wa RNA katika vimelea vya malale

Wadau, habari zenu. Nasomea uzamili hapa Kisumu na sasa nachagua mada ya tasnifu. Nyumbani ni upande wa Bonde la Lambwe, ambako mbung'o si hadithi ya vitabuni, kwa hivyo moyo wangu uko kwa tripanosoma, yaani vimelea vya malale na jamaa zao.

Mwaka 1986 Rob Benne na wenzake huko Amsterdam waligundua ujumbe (RNA) wa jeni ya mitokondria, kiwanda cha nishati cha seli, ukiwa na yuridini (herufi U ya RNA) 4 ambazo hazimo kwenye DNA yenyewe. Huo ndio uhariri wa RNA. Katika Trypanosoma brucei mambo yamezidi: ujumbe wa COIII, mojawapo ya jeni za mitokondria, huongezewa yuridini 547 na kuondolewa 41, kwa maelekezo ya RNA ndogo za mwongozo. Yaani zaidi ya nusu ya ujumbe haimo kwenye jeni! Sijaona la ajabu kuliko hili katika baiolojia.

Nawaza kushughulikia KREL1, kimeng'enya kinachounga RNA baada ya kukatwa katika uhariri huu, kama shabaha ya dawa. Kinachonitia wasiwasi ni Trypanosoma evansi, yule wa ngamia. Amepoteza DNA nyingi ya mitokondria na bado anaishi damuni bila kuhitaji uhariri huu, kwa sababu ya badiliko dogo katika ATP sinthesi, kimeng'enya cha nishati cha mitokondria. Je, usugu hautakuja upesi kwa njia hiyo hiyo?

Umbo la KREL1 linajulikana, hivyo naweza kuanza kupima molekuli kwa kompyuta. Msimamizi wangu, ambaye ni mtu wa malaria, ananishauri nikuze vimelea kwanza. Mliopitia kazi hii, mngeanzia wapi? Na nani katika ukanda huu wa magharibi anakuza T. b. brucei (Trypanosoma brucei brucei, aina isiyoambukiza watu), nikajifunze kwake?