Watoto wakubwa na mbwa wa nyumbani: wacheze vipi bila kung'atwa?

Mama Wawili, Uyole
Habari za jioni wadau. Tuna mbwa dume wa miezi minane, amechanjwa, mchana yuko bandani na usiku tunamwachia. Kijana wa miaka 14 na binti wa 11 wakitoka shule wanamfungulia na kukimbizana naye uani. Sasa ameanza kudaka mikono ya masweta na kuning'inia. Kumpiga sitaki. Kuwakataza watoto nako hakusaidii, watamfungulia nikiwa sokoni. Nianze kumfundisha nani, yeye au wao?

Mfuga Mbwa, Kihesa
Anza na watoto, mama. Hapo kosa ni kukimbizana: mtoto anayekimbia huku anapiga kelele anageuka windo, na mkono wa sweta unaopepea unamwalika mbwa auvute. Halafu ametoka bandani na nguvu za kutwa nzima. Atembezwe kwanza kwa kamba dakika 20, anuse, akojoe, ndipo mchezo uanze. Masweta yakunjwe hadi kiwiko, hata baridi ya Juni ikiuma.

Kijana wa 14 anaweza kucheza mchezo wa kuvutana, ila ajue kuusimamisha kabla ya kujua kuuanzisha. Sukeni kitenge kikuukuu mikia mitatu, kifike kama mita moja, fundo kila ncha, ili mkono ukae mbali na meno. Akishavuta kidogo, kijana agandishe kitambaa pajani na aache kabisa kuvuta. Mbwa ataona mchezo umekufa. Amsogezee puani kipande cha dagaa. Mdomo ukifunguka tu, aseme "achia", ampe dagaa, kisha amrudishie kitambaa. Hilo la kurudishiwa ndilo watu wengi wanalisahau. Mbwa anayenyang'anywa kila akiachia atajifunza kung'ang'ania. Rudieni mara kumi kwa siku, na baada ya siku chache neno litangulie dagaa.

Wavute usawa wa mabega ya mbwa, wasimnyanyue juu kwa meno. Sekunde 15 za kuvuta, pumziko, tena. Jino likigusa ngozi au nguo, hata kwa bahati mbaya, kitambaa kinashushwa na watoto wanaondoka kimya kwa dakika moja. Wasipige yowe wala kusukuma mdomo wake, kwake hayo ni mchezo ule ule umenoga.

Binti wa 11 apewe mipira miwili. Anarusha mmoja, mbwa akirudi nao, anaonyeshwa wa pili, anaudondosha wa kwanza mwenyewe. Hakuna kuingiza vidole mdomoni.

Bwana Mifugo, Njombe
Naongezea kuhusu vya kurusha. Mpira uwe mkubwa kiasi kwamba hauwezi kupita kooni. Gunzi la mahindi na mbegu ya parachichi, ambavyo huku kwetu vimejaa kila ua, vikimezwa huziba utumbo na mbwa huishia kupasuliwa au kufa. Mpira wa makaratasi uliofungwa kwa nailoni ni hatari vilevile, kwa sababu uzi hukunja na kukata utumbo. Kijiti kikitua wima huchoma koo.

Wafundishe kumsoma mwili. Anayecheza amelegea, anainamisha kifua na kuinua makalio. Akikakamaa ghafla, akafunga mdomo, akaonyesha weupe wa jicho au kujilamba midomo bila chakula, mchezo uishe hapo hapo. Mkia kutikisika peke yake hautoshi: mkia mgumu uliosimama na kutikisika upesi upesi si furaha. Na akinguruma asichapwe. Ukimwondolea mngurumo, siku nyingine atang'ata bila kuonya.

Vijana wa umri huu wana tatizo jingine: kumkumbatia mbwa shingoni wapige picha ya simu, uso kwa uso. Majeraha ya usoni hutokea hivyo. Amkune kifuani sekunde tatu, aondoe mkono. Mbwa akisogea, aendelee; akigeuza kichwa, amwache.

Jino likitoboa ngozi, oshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ana chanjo. Msimuue mbwa. Afungiwe na kuangaliwa siku 10. Chanjo yake ya kichaa irudiwe kila mwaka, kadi itunzwe.

Mama Wawili, Uyole
Asanteni sana. Na wenzao wakija kucheza mpira? Wanafika hata saba.

Mfuga Mbwa, Kihesa
Siku hiyo mbwa abaki bandani, mama, na mlango ufungwe kwa komeo, maana kamba hufunguliwa na mtoto yeyote. Anawajua wako, hawajui wa jirani. Wanaotaka kumzoea waje wawili tu, wewe ukiwepo.

Ila wote saba wafundishwe kusimama kama mti: miguu pamoja, mikono imekunjwa kifuani, macho chini, kimya, hadi mbwa aondoke. Akiangushwa, ajikunje kama jiwe, uso chini, viganja vimefunika shingo na masikio. Wafanye mazoezi mbwa akiwa hayupo, mmoja akijifanya mbwa anayekuja mbio, mpaka wasimame bila kufikiri. Binti wako awe wa kwanza, mdogo ndiye huangushwa upesi.