ECG na eko za mzee ni safi, lakini CT inasema mshipa wa moyo umepungua. Tushike lipi?

Mwana wa Raskazone ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, wakubwa zangu shikamooni. Ninaomba msaada wa kuelewa majibu ya vipimo vya baba yangu, kwa sababu kila karatasi inasema lake na nyumbani tumegawanyika.

Mzee ana miaka 63. Ana kisukari kwa mwaka wa 11 sasa, ana presha, na sigara hajawahi kuvuta. Tangu Ramadhani iliyopita, akienda msikitini kwa miguu, njia aliyoizoea tangu ujana wake, husimama mara moja mbele ya banda la mkaa, husalimiana na watu kwa kirefu, kisha huendelea. Mama ndiye aliyegundua kwamba salamu zile ni za kutafuta pumzi. Mwenyewe hasemi kwamba kifua kinauma. Husema tu kwamba "kinabana kidogo".

Tulianza katika hospitali moja ya hapa Tanga. ECG ikapigwa, tukaambiwa ni ya kawaida. Eko ikafanywa, tukaambiwa moyo unasukuma damu kwa asilimia 60 na kwamba tatizo ni gesi, tukarudi nyumbani na dawa za tumbo. Miezi miwili baadaye shemeji yangu alimchukua Dar es Salaam, akapimwa CT ya mishipa ya moyo, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta. Karatasi inasema alama ya kalsiamu ni 340, mshipa unaoitwa LAD, mmoja wa mishipa mikubwa inayoulisha moyo damu, umepungua upana kwa asilimia 50 hadi 69, na chini kabisa imeandikwa CAD-RADS 3.

Shemeji anataka mzee asafirishwe India mara moja akazibuliwe. Mjomba anasema ECG ilikuwa safi, kwa hiyo hiyo CT ni biashara tu. Mimi ninauliza: inawezekanaje ECG na eko ziwe safi ilhali mshipa umepungua? Je, asilimia 69 maana yake ni kwamba bado kidogo tu uzibe kabisa?

Tabibu wa Zamu amejibu:

Marahaba, ndugu, na poleni. Vipimo vya mzee havipingani hata kidogo. Kila kimoja kilijibu swali lake, na bahati mbaya hospitali ya kwanza iliuliza maswali mawili ambayo hayakuwa yanahusu kile kinachomsimamisha mzee njiani.

ECG hurekodi umeme wa moyo kwa sekunde kama 10, mgonjwa akiwa amelala ametulia. Huonyesha mapigo yasiyo na mpangilio, kovu la shambulio lililopita, au shambulio linaloendelea wakati huohuo. Sasa shida ya mzee hutokea akitembea, na alipimwa akiwa kitandani. Eko nayo hutumia mawimbi ya sauti kuangalia kuta za moyo, vali, na nguvu ya kusukuma damu. Ndani ya mishipa inayoulisha moyo wenyewe haioni. Ile asilimia 60 ni habari njema kweli, kwa sababu inaonyesha kwamba msuli wa moyo haujadhoofika, lakini haisemi chochote kuhusu upana wa mishipa. Wagonjwa wengi wenye mishipa iliyopungua wana ECG na eko zisizo na dosari yoyote wanapokuwa wamepumzika.

Sababu yake utaielewa ukikumbuka mabomba ya nyumba zetu za pwani yanayojaa chumvi ndani. Ukifungua koki moja, maji hutoka vizuri na hutajua kwamba bomba limepungua. Fungua koki tatu kwa pamoja, ndipo utakapoona ya juu inadondosha matone. Moyo uliopumzika huhitaji damu kiasi, na vimishipa vidogo vilivyo mbele ya sehemu iliyobana hujipanua ili kufidia, hata mtiririko wa mapumziko hauanzi kupungua mpaka mshipa mkubwa ubane kwa kiasi cha asilimia 85 hadi 90. Mwendo wa miguu ndio unaomdai damu mara kadhaa zaidi, na hapo upungufu unaweza kujitokeza hata kwenye asilimia 50 hadi 70. Banda la mkaa la mzee ndiyo koki ya tatu.

Ongeza kwamba kisukari cha muda mrefu huharibu neva, kwa hiyo mwenye kisukari anaweza asisikie maumivu makali ya kifua yanayosimuliwa na wengine. Kwake dalili huwa ni pumzi kukatika, uchovu, au huko "kubana kidogo". Mtu wa umri huu, mwenye kisukari na presha, anayebanwa akitembea na kupata nafuu akisimama, hakupaswa kupewa jibu la gesi na kuachwa hapo.

Kuhusu alama ya kalsiamu: hiyo si asilimia ya kuziba. Ni hesabu ya chokaa iliyokauka katika kuta za mishipa, iliyobuniwa na Agatston na wenzake mwaka 1990. Sifuri maana yake hakuna chokaa iliyoonekana, 1 hadi 99 ni kidogo, 100 hadi 399 ni ya wastani, na 400 kwenda juu ni nyingi. Alama ya 340 inasema ugonjwa umekuwapo kwa miaka mingi. Haisemi mahali gani pamebana. Na msije mkairudia kila mwaka, kwa sababu mgonjwa anayetumia dawa za statini, zile za kushusha lehemu, mara nyingi alama yake hupanda, kwa kuwa mafuta laini yaliyomo ukutani hukauka na kuwa magumu, jambo ambalo kwa kweli ni la heri. Nimeona watu wakiacha dawa kwa hofu ya namba hiyo.

Sasa hiyo 50 hadi 69. CAD-RADS ni kipimio cha 0 hadi 5 ambacho madaktari wa picha hukitumia ili waandike kwa lugha moja: 0 ni mishipa isiyo na ugonjwa unaoonekana, 5 ni mshipa uliozibwa kabisa. Daraja la 3 ni lile gumu la katikati, ambapo picha inaonyesha umbo la mshipa lakini haiwezi kusema kwa uhakika kama msuli ulio mbele unakosa damu. Wala haina maana kwamba mwezi ujao itakuwa 75 na unaofuata 90. Mashambulio mengi ya moyo hutokea ghafla pale utando wa mafuta ulio kwenye ukuta unapopasuka na damu kuganda juu yake, na mara nyingi hupasuka mahali ambapo palikuwa pamebana kiasi tu. Ndiyo maana dawa ya kuutuliza ukuta mzima wa mishipa ina uzito kuliko kupanua sehemu moja.

Kwa daraja hili hatua inayofuata kwa kawaida ni kipimo cha mtiririko: eko inayofanywa mgonjwa akiwa anafanya mazoezi au amepewa dawa ya dobutamini inayouharakisha moyo, au picha za nyuklia. Angalia pia karatasi inasemaje kuhusu shina la mishipa ya kushoto, yaani mshipa mkuu kabla haujagawanyika. Kama shina hilo limepungua kwa asilimia 50 au zaidi, mazungumzo ni tofauti kabisa na yafanyike upesi.

Mwana wa Raskazone:

Shukrani sana, daktari. Shina la kushoto limeandikwa kwamba limepungua chini ya asilimia 25. Mjomba nimemsomea maelezo yako, amenyamaza. Ila shemeji anauliza, kama mshipa umebana, kwa nini wasiupanue tu yaishe?

Tabibu wa Zamu:

Shemeji anauliza swali ambalo madaktari wenyewe walibishana kwa miaka. Utafiti wa COURAGE wa mwaka 2007, kisha ule wa ISCHEMIA uliochapishwa mwaka 2020 na uliohusisha wagonjwa 5,179 kutoka nchi 37, ulichukua watu wenye ugonjwa tulivu, wengine wakapewa dawa pekee kwanza na wengine dawa pamoja na katheta (mrija mwembamba unaopitishwa hadi kwenye mishipa ya moyo), na stenti (kijibomba cha waya kinachoushikilia mshipa ubaki wazi) au upasuaji pale ilipofaa. Vifo na mashambulio ya moyo havikutofautiana kwa kiasi cha kuaminika. Kilichotofautiana ni maumivu: waliokuwa wakibanwa mara kwa mara walipata nafuu zaidi baada ya kupanuliwa. ISCHEMIA haikuwahusu wenye shina la kushoto lililobana wala wenye moyo dhaifu sana, na haiwahusu wanaopata shambulio sasa hivi, ambao stenti huwaokoa maisha.

Kwa hiyo kwa mzee wako, kama bado yuko tulivu, cha kwanza ni dawa kwa ukamilifu: statini, presha na sukari kudhibitiwa, na dawa ya kupunguza kubanwa, aspirini ataamua daktari wake. Lehemu mbaya, yaani LDL, ishuke kweli. Mwongozo wa Ulaya wa 2019 unataka iwe chini ya 1.4 mmol/L kwa mtu wa hatari kubwa sana kama yeye. Akiendelea kusimama kwenye mkaa baada ya hapo, au kipimo cha mtiririko kikionyesha sehemu kubwa ya moyo inakosa damu, basi katheta ina hoja. Na haihitaji India. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili inafanya katheta na kuweka stenti.

Jambo moja lisisubiri jukwaa: kifua kikimbana akiwa amekaa tu, kikaendelea zaidi ya dakika 15, au akatoka jasho jembamba na kutapika, nendeni hospitali saa ileile. Kama hana mzio wala damu haimtoki mahali, atafune aspirini ya miligramu 300 wakati gari linatafutwa.

Fundi wa Picha:

Mimi ni mpiga picha za CT, si daktari, kwa hiyo nitasema ya chumba changu tu. Moyo ni kitu kinachochezacheza, na picha yake hutoka na ukungu kama ya mtoto asiyetulia. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa ya kupunguza mapigo, tukitaka yafike 60 kwa dakika au chini, na dawa ya kuweka chini ya ulimi inayotanua mishipa. Dawa hiyo ya ulimi haichangamani na dawa za nguvu za kiume, presha inaweza kuporomoka vibaya, kwa hiyo wazee wetu waulizwe pembeni, si mbele ya wajukuu. Dawa ya rangi yenye ayodini, inayochomwa ili mishipa ionekane, nayo inataka figo zipimwe kwanza, hasa kwa mwenye kisukari, na anayetumia metformini, dawa ya kisukari, aseme.

Kuna jambo daktari hakuligusa. Chokaa kwenye CT hung'aa kupita ukubwa wake wa kweli, ikaufanya mshipa uonekane umebana zaidi. Kwa alama ya 340, asilimia zinazosomwa zinaweza kuwa zimezidi kidogo. Na hiyo "50 hadi 69" inasomwa kwa jicho la daktari na kipimio cha kompyuta. Madaktari wawili wanaweza kutofautiana.

Bibi Chumbageni:

Nimepitia haya mwaka juzi, na yangu ilikuwa katheta. Niliogopa nikidhani nitapasuliwa kifua. Walinichoma sindano ya ganzi kwenye kifundo cha mkono, wakapitisha mrija mwembamba mpaka moyoni, na mimi niko macho ninamsikia daktari akimwambia muuguzi abadilishe redio. Walipomwaga dawa ya rangi nikaona mishipa yangu kwenye kioo, nyeusi, imetawanyika kama mizizi ya mkoko maji yakikupwa. Joto lilinipita mwili mzima hata nikadhani nimejikojolea. Nesi aliniambia kila mtu hudhani hivyo.

Picha ilionyesha mahali pamebana kama asilimia 60. Hawakuweka stenti papo hapo. Walipitisha waya wenye kipima shinikizo kupita pale palipobana, wakasoma 0.86. Daktari alinieleza kwamba wanaanza kufikiria stenti ikiwa 0.80 au chini, maana hapo damu inayopita imepungua kweli. Nikafungwa bangili ya plastiki yenye upepo mkononi, nikakatazwa kubeba hata kikapu kwa siku kadhaa, nikarudi nyumbani na vidonge. Ninapanda ngazi za kwa mwanangu, ghorofa ya pili, bila kusimama.

Mwana wa Raskazone:

Shikamoo bibi, umenitoa hofu. Swali langu la mwisho: kuna jamaa ameleta dawa ya majani ya "kusafisha mishipa kwa siku 7", na mzee ameipenda kuliko vidonge.

Tabibu wa Zamu:

Chokaa iliyojengeka kwa miaka 20 haiondolewi na majani kwa siku 7, wala kwa 70. Mwulize huyo jamaa kama ana picha za CT za kabla na baada ya dawa yake. Na mzee akitumia majani hayo, amwambie daktari wake, kwa sababu mengine huingiliana na dawa za presha na za damu.

Fundi wa Picha:

Jambo dogo: msiende kwa daktari bingwa na karatasi peke yake. Ombeni CD ya picha zenyewe kutoka mlikopimwa, kwa kuwa daktari atataka kuuona mshipa mwenyewe, na bila CD mzee anaweza kuambiwa arudie kipimo, mionzi na gharama upya.

Mwana wa Raskazone:

CD ipo. Mama alikuwa ameiweka kabatini ndani ya bahasha ya harusi, akidhani ni nyimbo za maulidi. Tumepata miadi Jumanne ijayo, na mzee amekubali kuanza vidonge leo usiku.