Faili moja la logi la PostgreSQL, herufi za namna mbili

Msimamizi_Buja
Salaam ndugu zangu. Ninasimamia seva ya PostgreSQL (programu ya hifadhidata) yenye hifadhidata mbili: ya zamani iliundwa kwa usimbaji (namna ya kuandika herufi kama baiti) wa LATIN1, na mpya ni UTF8. Ujumbe wa seva hutoka kwa Kifaransa. Nikilisoma faili la logi kama UTF-8, baadhi ya mistari ya ERREUR hutoa alama za kuuliza mahali pa é na mahali pa « ». Nikilisoma kama LATIN1, mistari iliyokuwa mizima ndiyo inayoharibika, na é inageuka Ã©. Programu yangu ya Python inayohesabu makosa kila usiku hukwama pindi inapokutana na baiti E9. Je, hii ni hitilafu ya seva, au kuna mpangilio nilioukosa?

fundi_data
Ligeuze faili zima kwa iconv, amri ya kubadilisha usimbaji wa maandishi, kutoka LATIN1 kwenda UTF-8, kabla programu yako haijaanza. Haitakwama tena.

Mzee_wa_Seva
Haitakwama, ni kweli, lakini itasoma uongo. Katika LATIN1 kila baiti ni herufi halali, kwa hiyo iconv haitalalamika hata kidogo. Mistari iliyokuwa tayari ni UTF-8 itasimbwa mara ya pili, na hizo Ã© zitabaki humo moja kwa moja.

Ndugu Msimamizi, seva yako haijaharibika. Kila muunganisho huhudumiwa na mchakato wake, na mchakato huo huandika logi kwa usimbaji wa hifadhidata uliyounganishwa nayo, wala hakuna anayegeuza chochote kabla ya maandishi kuingia katika faili la pamoja. Ndiyo maana é ya hifadhidata ya zamani ni baiti moja, E9, na ya mpya ni mbili, C3 A9. Michakato isiyo na hifadhidata, kama ule wa checkpoint (unaohakikisha data iliyobadilishwa imeandikwa kwenye diski), hufuata lugha na usimbaji ambao seva iliwashwa nao.

Kwa sasa, ongeza csvlog (logi ya muundo wa CSV) kwenye mpangilio wa log_destination, na uhakikishe logging_collector, inayokusanya logi katika faili, imewashwa (hiyo inadai kuwasha seva upya). Safu ya tatu ya kila rekodi ni jina la hifadhidata, kwa hiyo programu yako ilisome faili kama baiti tupu, itazame jina, ndipo ichague usimbaji. Rekodi isiyo na jina ijaribiwe kwanza kama UTF-8, na ikikataa ndipo isomwe kama LATIN1. Usigeuze utaratibu huo wa kujaribu, kwa sababu LATIN1 haikatai kitu.

Msimamizi_Buja
Ahsante sana, Mzee. Nimeona pia watu wakishauri lc_messages, yaani lugha ya ujumbe wa seva, iwe 'C'. Je, hiyo peke yake haitoshi?

Mzee_wa_Seva
Hupunguza tatizo bila kulimaliza. Ujumbe wa seva yenyewe utakuwa Kiingereza kisicho na alama, lakini ukiwa umewasha log_statement, inayoandika amri za SQL kwenye logi, jina la mteja mwenye é ndani ya amri ya INSERT litaandikwa kwa usimbaji uleule wa hifadhidata. Isitoshe, watumiaji wako nao wataanza kupokea makosa kwa Kiingereza, na sidhani kama watakushukuru.

Dawa ya kudumu ni kuihamisha hifadhidata ya zamani. ALTER DATABASE haibadilishi usimbaji. Itabidi utoe data kwa pg_dump (zana ya kunakili hifadhidata kwenye faili), uunde hifadhidata mpya kwa ENCODING 'UTF8' na TEMPLATE template0 (kiolezo safi cha PostgreSQL), kisha uirejeshe humo.

nahodha_sql
Nyongeza moja kabla hujahamisha. Ikiwa programu za Windows zilikuwa zikiandika katika hifadhidata hiyo ya LATIN1, kagua baiti za 80 hadi 9F. LATIN1 huzipokea kimya, na baada ya kuhama œ na alama za nukuu zilizopinda zitakuwa herufi zisizoonekana. Ukizikuta, badilisha mstari wa SET client_encoding ndani ya faili la pg_dump kutoka LATIN1 kuwa WIN1252 (usimbaji wa Windows), na ujaribu urejeshaji kwanza kwenye seva ya majaribio, kwa kuwa baiti tano katika eneo hilo hazina herufi yoyote katika WIN1252 na zitasimamisha kazi.