Naomba ushauri: Kiingereza changu kinavaa suti hata jikoni

Jameni, hamjambo? Nimeanza kazi ya kujibu barua pepe za wateja katika ofisi moja Westlands, na Kiingereza kinanitoa jasho. Si sarufi, hiyo naijua. Ni mtindo.

Wiki jana nilimwandikia mwenzangu wa meza ya pili, "I humbly request that you avail the file." Alicheka mpaka chai ikamwagika. Basi nikajirekebisha. Jumatatu nikamwandikia mteja wa London, "Hi, just send the papers." Bosi akaniita: eti namsukuma mteja kama makanga anayejaza matatu!

Kwa Kiswahili sikosei. Mama mkwe namwambia "naomba maji, mama", na stejini naongea Sheng bila kufikiri.

Nimesoma kuwa mwanaisimu Mmarekani Martin Joos, miaka ya 1960, aliigawa mitindo ya Kiingereza mafungu matano, toka ule ulioganda, yaani rasmi kupita yote, hadi ule wa wandani wanaoelewana kwa nusu neno. Sawa, lakini saa mbili asubuhi nitajuaje niko fungu gani? Nimeshika kanuni moja tu ya Waingereza: barua ya "Dear Sir or Madam" huishia "Yours faithfully"; ikitaja jina, "Yours sincerely".

Sasa, mteja akianza "Hi" na jina langu la kwanza, nimfuate papo hapo au ningoje? Na hii "kindly" yetu, Mwingereza huisikia kama adabu au amri? Mliopitia haya, nielekezeni.